Muulize Mwalimu: Tanga halinywi petroli

Mwezi huu nimeletewa barua za mitambo tupu. Hakuna aliyeuliza riba ya mkopo wala mirathi. Ni jenereta, mashine za boti, pampu. Nimezisoma kibarazani kwangu hapa Ngamiani, kikombe cha kahawa chungu mkono huu, kalamu mkono ule, na nne nimezichagua ziende pamoja. Mwulizaji wa nne amewakosoa watatu waliomtangulia, na wala hajui.

*Shikamoo Mwalimu. Nauza samaki soko la Deep Sea, ngisi na pweza zaidi, na nyumbani Sahare nina friza mbili kubwa. Umeme ukikatika usiku, mlinzi anatakiwa aamke, awashe jenereta, ageuze chenjiova, ile swichi ya kuhamia umeme wa jenereta, friza ziendelee kuvuta. Fundi kanipimia vyote: jenereta anaipa asilimia 90, chenjiova 95, friza 98. Mlinzi ni mtu mzima na heshima zake, ila kama usiku mmoja kwa kila mitano husinzia mpaka asubuhi. Mbona tangu Ramadhani nimeshatupa mzigo mara tatu, na vitu vyenyewe vizima? Sasa fundi ananiambia ninunue jenereta ya pili. Ninunue? – Mama Ngisi, Sahare*

Marahaba mama, na pole kwa mzigo. Ngisi akishalala nje ya barafu siku nzima, hata paka wa Deep Sea humpita kama hamjui.

Fundi wako hakudanganya. Amekupa hesabu ya kitu kimojakimoja, lakini samaki wako hawategemei kitu kimoja. Wanapona iwapo mlinzi ameamka, na jenereta imewaka, na chenjiova imeshika, na friza imevuta. Zihesabu hizo "na". Vitu vikipangwa kwa mfuatano namna hiyo, kimoja kikigoma vyote vimegoma, na kila "na" moja ni alama ya kuzidisha.

Tuchukue usiku 100 wa kukatika umeme. Mlinzi anaamka usiku 80. Katika hizo 80, jenereta inawaka mara 72. Katika 72, chenjiova inashika mara 68 na ushei. Friza zinavuta mara 67. Ukipenda kwa desimali: 0.80 × 0.90 × 0.95 × 0.98 = 0.67. Mara 33 zilizobaki ni zako wewe na jaa la taka.

Ona kitu kimoja ambacho wengi hukikosea. Tumezoea kusema mnyororo una nguvu ya pete yake iliyo dhaifu. Kwa uzito wa kuvuta, sawa. Kwa kutegemeka, sivyo: dhaifu wako ni mlinzi mwenye 80, na mpango mzima umeshuka chini yake mpaka 67. Sisi watu wa Tanga, wenye baiskeli zetu, tungetakiwa kulijua hili kabla ya wengine. Mnyororo wa baiskeli una vipande zaidi ya 100. Tuseme 100 kamili, na kila kipande kina uhakika wa asilimia 99.9 wa kumaliza mwaka bila kukatika. Ni kipande ambacho hakuna fundi angekikataa. Zidisha 0.999 kwa yenyewe mara 100, unapata 0.905. Yaani katika baiskeli kumi, moja itakuacha njiani kabla ya mwaka kwisha, na mnyororo hauna kipande kibovu hata kimoja. Waliofanya kazi ya roketi walilijua kwa uchungu. Kanuni hii ya kuzidisha wahandisi huiita kwa jina la Robert Lusser, Mjerumani aliyeshiriki kuunda bomu la kuruka la V-1 wakati wa vita na baadaye akafanya kazi ya roketi Marekani. Roketi ina vipande maelfu. Vyote vizuri, na bado ilikuwa ikianguka.

Sasa jenereta ya pili. Vitu vikikaa sambamba, hiki kikigoma kile kinashika, hatuzidishi uzima, tunazidisha ubovu. Jenereta moja inagoma mara 10 katika 100, yaani 0.10. Mbili kugoma pamoja ni 0.10 × 0.10 = 0.01. Kwa hiyo upande wa jenereta umepanda kutoka 90 mpaka 99, na fundi hapo atakuonyesha meno yote. Lakini rudisha hiyo 99 kwenye mnyororo wako: 0.80 × 0.99 × 0.95 × 0.98 = 0.74. Umetoa fedha ya jenereta nzima, umepata usiku saba.

Badala yake tafuta king'ora kidogo cha betri, kile kinacholia umeme ukikatika, ukitundike juu ya kichwa cha mlinzi. Tuseme nacho si kizuri sana: katika kila mara tano ambazo mzee angelala, kinamwinua mara nne. Kulala kabisa sasa ni 0.20 × 0.20 = 0.04, kuamka ni 0.96, na mpango wote unafika 0.80. Kitu cha bei ya kilo chache za pweza kimeishinda jenereta. Simlaumu fundi. Mtu akiuza jenereta, kila ugonjwa wako dawa yake ni jenereta.

Na kabla hujaninunia kwamba nakupeleka kwenye mambo madogo, ongeza kasha la barafu. Kasha zito lenye mfuniko unaobana, na barafu uliyoinunua mchana, mzigo wa thamani ulale humo. Halijui chenjiova. Halijui mlinzi. Ikiwa katika zile mara 20 ambazo mpango bado unashindwa hata ukiwa na king'ora, barafu inaokoa mzigo mara 14, basi hasara yako ni usiku sita katika 100, si 33. Jenereta ya pili iache mpaka uolewe na fundi.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni nahodha wa boti ya faiba, napeleka wageni na mizigo midogo visiwani. Tajiri anataka tufunge mashine ya pili. Baharia mwenzangu anasema mashine mbili ni kero mbili, tutashinda kwa fundi. Mimi nasema mashine mbili ni usalama. Tumewekeana kreti ya soda. Nani ameshinda? – Nahodha, Kigombe*

Marahaba mwanangu. Kreti ikateni katikati, mmeshinda nyote.

Tuseme kila mashine, safari moja kwenda na kurudi, ina uhakika wa asilimia 95. Ukiwa na moja, katika safari 1,000 unakwama 50. Ukiwa na mbili, safari ambazo angalau moja kati yake imesumbua ni 1 kutoa 0.95 × 0.95, sawa na 0.0975. Hizo ni safari 97 au 98. Karibu mara mbili ya zamani! Mwenzio hakukosea hata punje, na fundi atawazoea mpaka majina ya watoto wenu. Lakini safari ambazo zote mbili zimekufa, mkabaki mnatazamana na mawimbi, ni 0.05 × 0.05, yaani 0.0025. Mbili au tatu katika 1,000. Wewe ulikuwa unazungumzia kurudi nyumbani, yeye alikuwa anazungumzia mfuko wa tajiri.

Hapo mwalimu mvivu angefunga daftari. Mimi siwezi, kwa sababu niliwahi kuwa ndani ya hiyo safari ya mbili au tatu katika 1,000, na nikagundua baadaye kwamba ile hesabu haikunihusu.

Ilikuwa likizo ya Desemba, bado nafundisha. Tulitoka Tongoni watu tisa kwenye boti ya mashine mbili, mashine nzuri, moja haina hata miezi minne. Kaskazi inavuma vizuri, bahari ina rangi ya chupa. Nje ya kisiwa cha Jambe mashine ya kulia ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Nahodha hata hakugeuka. Akasema, "Msijali, ndiyo maana zipo mbili." Neno "mbili" halijamtoka vizuri, ya kushoto nayo ikakohoa. Kohozi lilelile.

Zote zilikuwa zinanyonya kwenye tangi moja. Petroli ilikuwa ya pipa lililolala nje usiku wa mvua, na mfuniko wake haukukaza. Baharia alipofungua kikombe cha filta akamwaga kiganjani, kile kimiminika kilijigawa mbele ya macho yetu: petroli juu, maji chini, na kati yao mstari kama umepigwa kwa rula. Nilitazama ule mstari nikasahau kuogopa kidogo. Nilikuwa nimewafundisha watoto muhula uleule kwamba 0.05 mara 0.05 ni 0.0025, na sikuwaambia kwa sauti ya kutosha kwamba kuzidisha huko kunaruhusiwa tu kama kufa kwa moja hakuna habari na kufa kwa nyingine.

Waliotuokoa ni mzee mmoja wa Tongoni na turubai la kufunikia mizigo. Akasimamisha mpondo, akalifunga turubai kwa kamba za nanga, na kaskazi ikatusogeza taratibu mpaka kwenye mikoko, mbali kusini ya tulikokuwa tunakwenda, magharibi inaingia. Tulishuka na matope ya magoti. Mzee akaniambia, "Mwalimu, tanga halinywi petroli." Hajawahi kunisikia nikifundisha sambamba wala mfuatano.

Tulipime hilo neno lake kwa namba. Tuseme katika kila mara 10 mashine zako zinapokufa, mara moja sababu ni ya pamoja: mafuta machafu, betri moja, waya mmoja wa kuwashia. Ile 0.05 sasa ina sehemu mbili: 0.005 inayoua zote kwa pigo moja, na 0.045 ya kila mashine kivyake. Kubaki bila mashine ni 0.005 kujumlisha 0.045 × 0.045, ambayo ni 0.002. Jumla 0.007. Safari saba katika 1,000, karibu mara tatu ya ile tuliyojidanganya nayo. Na ukitazama, kati ya hizo saba, tano zinatoka kwenye sababu ya pamoja. Ukifunga mashine ya tatu, ya nne, ya kumi, zile tano hazitikisiki. Zinakaa palepale kwenye tangi.

Si mambo ya wavuvi peke yao. Julai 19, 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United la Marekani ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago. Ndege hiyo huongozwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, si yale ya kuchoma kwenye injini, yanayosukumwa kwenye mabomba, na ilikuwa na mifumo mitatu ya namna hiyo, ili mmoja au hata miwili ikifa, uliobaki ushike. Feni ya injini ya mkiani ikapasuka angani. Vipande vyake vikapenya mkiani, ambako mabomba ya mifumo yote mitatu yanapita, na mafuta yakamwagika yote. Mitatu ikafa kwa kitu kimoja. Marubani waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili za mabawani, mpaka ikaangukia uwanja wa Sioux City. Kati ya watu 296, zaidi ya 180 walitoka hai. Mimi hiyo naiita kazi ya mabaharia.

Kwa hiyo mwambie tajiri akubali mashine ya pili, lakini iwe na tangi lake, filta yake, betri yake. Mafuta ya tangi hili usiyatoe pipa moja na ya tangi lile. Na ile mashine ya pili, usiipe kazi siku ya dharura tu. Iwashe kila safari, maana mashine isiyowashwa huoza kabureta kimyakimya na wewe unaihesabu ni nzima. Tena mkunje tanga dogo mliweke chini ya benchi. Wageni watacheka. Waache wacheke.

*Shikamoo Babu Mwalimu. Shambani kwa baba kuna pampu tatu za kumwagilia michungwa. Mbili zikifanya kazi, maji yanatosha. Kila moja ina uwezekano wa 0.9. Nimezidisha 0.9 mara tatu nikapata 0.729, kaka yangu kafanya ya sambamba kapata 0.999. Mwalimu wa darasani katuambia wote tumekosa. – Mwanafunzi, Muheza*

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wenu yuko sahihi. Wewe umezilazimisha zote tatu zifanye kazi, kaka yako ameridhika na moja. Shamba linataka angalau mbili. Zote tatu nzima ni 0.729. Mbili nzima na moja mbovu ni 0.9 × 0.9 × 0.1 = 0.081, na ile mbovu inaweza kuwa ya kwanza, ya pili au ya tatu, kwa hiyo mara tatu: 0.243. Jumlisha: 0.972.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa pampu zilizochoka, kila moja 0.4. Utapata 0.352, chini ya pampu moja peke yake. Mpango wa mbili kati ya tatu hunyanyua vilivyo vizuri na kuzamisha vilivyo vibovu, na mpaka wake uko kwenye 0.5. Mwoneshe baba kabla hajanunua mitumba mitatu. Na muulize kama zote tatu zimeunganishwa na waya mmoja; kama ndivyo, soma jibu la nahodha hapo juu.

*Mwalimu mwenzangu, assalamu aleikum. Nakusoma muda mrefu na hesabu zako hazina kasoro, ila hizo 90 na 95 mnazitoa wapi? Fundi wangu kaiwasha jenereta mbele yangu mara nane, na mara nane imewaka. Niandike asilimia 100? – Mstaafu, Chumbageni*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Umenishika koo, na ulipaswa kunishika mapema.

Asilimia 100 usiandike. Mwanahesabu Mfaransa, Laplace, alituachia njia nyepesi kwa mtu mwenye majaribio machache: ongeza moja kwenye mara zilizofaulu, ongeza mbili kwenye majaribio yote, kisha gawanya. Nane inakuwa tisa, nane ya chini inakuwa kumi. Asilimia 90. Ukiniuliza kwa nini moja na kwa nini mbili, nitakujibu kwa kahawa, si hapa. Faida yake ni kwamba haimruhusu mtu aliyejaribu mara chache kujigamba, na kadiri majaribio yanavyoongezeka, ile moja na mbili hazina uzito tena.

Ila hata hiyo 90 nina wasiwasi nayo. Alijaribu mchana, jua kali, mara nane kwa mkupuo. Jenereta ikishawaka mara ya kwanza imepata joto. Mara saba zilizofuata zinaibembeleza ile ya kwanza. Hayo si majaribio manane. Mimi ningeyahesabu moja na nusu, na hiyo nusu nakupa kwa sababu wewe ni mwalimu. Inayokuhusu ni kuwaka usiku, baada ya kukaa wiki tatu, upepo unapiga mvua kwenye plagi.

Dawa yake ni daftari. Jenereta ya msikiti wa mtaani kwetu nimeifungia daftari la kurasa 32 kwa uzi, na penseli imening'inia. Kila anayeiwasha anaandika tarehe, saa, imewaka au imegoma, na hali ya hewa. Mpaka juzi kuna mistari 52. Imewaka kwa mvuto wa kwanza au wa pili mara 47. Kwa Laplace hiyo ni 48 juu ya 54, asilimia 89. Fundi aliyeiuza alituambia 99.

Jana nilikaa nayo nikasoma zile tano zilizogoma. Moja ni plagi. Moja mtoto alifunga koki ya mafuta, na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Tatu zilizobaki ni mvua, na zote tatu zimeangukia wiki moja ya Aprili, wiki ileile ambayo umeme ulikatika usiku minne. Nimezizungushia duara jekundu. Mtunza msikiti ameomba mabati manne na boriti mbili za kujengea kibanda. Mabati tayari, boriti bado tunazitafuta.